Ngeli za Mwizi wa Gari: Utangulizi wa Sarufi ya Ufunguo Usiochomekwa

Wanasarufi walizigawa nomino zote za Kiswahili katika ngeli, na tangu hapo kila kitu duniani kina kiti chake, kuanzia mtoto hadi kitoto hadi jitoto. Wezi wa magari hawajapata heshima hiyo. Polisi huwaandika wote katika daftari moja la matukio, kampuni za bima huwaweka katika safu moja ya hasara, na mitaani huitwa kwa jina moja tu, tena kwa ukelele unaofuatiwa na mbio. Upungufu huu wa kitaaluma hauvumiliki tena, hasa zama hizi ambapo ufunguo hauchomekwi popote, bali hukaa mfukoni ukizungumza na gari bila mwenyewe kusikia neno.

Makala haya yanapendekeza ngeli nane. Yanaleta pia dai moja ambalo mwandishi yuko tayari kulitetea mbele ya jopo lolote linaloandaa chai: gari la kisasa limefundishwa kuuliza “nani?”, ila halikufundishwa kuuliza “uko umbali gani?”

Istilahi na mipaka ya utafiti

Ufunguo umepitia enzi tatu. Ya kwanza ni Enzi ya Chuma, ambapo ulichomekwa na kuzungushwa. Ya pili ni Enzi ya Rimoti, iliyobisha hodi mwaka 1982 pale Renault Fuego ilipouzwa ikiwa na kidude cha kufungulia milango kutoka mbali. Ya tatu, tunayoishi, ni Enzi ya Mfuko. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa Mercedes-Benz za daraja la S, na sasa imefika hadi kwenye magari madogo yaliyotumika yanayoshushwa bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Katika enzi hii mwenye gari hana kazi. Anagusa kitasa, mlango unafunguka. Anabonyeza kitufe, injini inawaka.

Utaratibu wenyewe ni wa hodi na karibu, isipokuwa kwamba, kinyume cha desturi, hapa nyumba ndiyo inayompigia mgeni hodi. Gari hutoa hodi kwa wimbi la masafa ya chini, takriban kilohezi 125, ambalo limepimwa lisifike mbali zaidi ya mita moja au mbili. Ufunguo ukiisikia huitika “karibu” kwa masafa ya juu, takriban megahezi 433 kwa magari ya Ulaya na karibu na 315 kwa ya Japani. Jibu hilo hubeba hesabu ya siri ambayo ni ufunguo halali tu unaoweza kuikokotoa. Wabunifu walijenga usalama wote juu ya udhaifu wa sauti ya hodi: asikiaye lazima awe karibu. Msomaji aikumbuke sentensi hiyo. Ni sentensi fupi, nzuri, na imegharimu magari mengi.

Ngeli ya kwanza: A-WA (mtu, watu)

Mwizi wa ngeli hii bado ana mikono. Amegawanyika katika vijamii viwili: wa rejareja na wa jumla. Wa rejareja hulichukua gari kipande kwa kipande, leo vioo vya pembeni, kesho taa, na akipata nafasi, kompyuta ya injini. Kwa ajili yake wenye magari wa Dar es Salaam na Nairobi huchonga namba ya usajili kwenye kila kioo, hadi gari linafanana na daftari la mwanafunzi anayeogopa kuibiwa. Hesabu za siri hazimhusu huyu. Kioo hakiulizwi nywila.

Wa jumla ana historia ndefu zaidi. Zamani aliunganisha nyaya chini ya usukani na kuondoka. Baadaye magari yakafungwa kifaa cha kuzuia injini isiwake bila chipu ya ufunguo. Uingereza iliona kila gari jipya likija nacho kuanzia mwaka 1998. Nyaya zikakosa maana, na mwizi aliyeshindwa kulishawishi gari akaenda kumshawishi mwenyewe, kwa panga au kwa bastola. Mwaka 2005 nchini Malaysia wezi walioiba Mercedes inayowaka kwa alama ya kidole walitatua tatizo hilo kwa kuondoka na kidole. Kutokana na kisa hicho tunapata Kanuni ya Kwanza: kufuli likishindikana, anayefuata ni mwenye kufuli.

Ngeli ya pili: I-ZI (kelele, kelele)

Katika ngeli hii umbo la umoja na la wingi halitofautiani. Vivyo hivyo gari lililofungwa na gari lililodhaniwa kufungwa hayatofautiani kwa mtazamaji. Mwenye gari ameegesha mbele ya supamaketi. Anabonyeza rimoti huku amegeuka, akili yake iko kwenye bei ya mafuta ya kula. Hatua chache kando yake kijana mtulivu anabonyeza rimoti ya geti inayotumia masafa yaleyale. Kelele inaimeza amri, milango inabaki wazi, na kompyuta mpakato inaondoka kwenye kiti cha nyuma bila kioo kuvunjwa. Afrika Kusini mtindo huu ulienea kiasi kwamba maegesho yalibandika matangazo ya kuwasihi wateja wavute kitasa kabla ya kuondoka.

Kuna tawi lililosoma zaidi. Mwaka 2015 mtafiti wa Marekani, Samy Kamkar, alionyesha kidude kilichomgharimu kama dola 32. Mwenye gari akibonyeza, kidude kinapiga kelele na papo hapo kinanasa msimbo. Gari halijibu, mwenyewe anabonyeza tena. Kidude kinanasa msimbo wa pili na kulipa gari ule wa kwanza. Milango inatii, mwenyewe anaridhika, na msimbo wa pili unabaki mkononi mwa mwingine, mbichi, haujatumika. Ni mwizi wa nadra anayemhudumia mteja kwanza.

Ngeli ya tatu: U-I (msimbo, misimbo)

Hii ni ngeli ya wanahisabati. Rimoti za mwanzo zilitamka neno lilelile kila siku, hivyo aliyelinasa jana alilitumia leo. Tiba ikawa misimbo inayobadilika kila kitufe kinapobonyezwa. Maarufu kati yake, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980 na kuuzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani mwaka 1995 kwa dola milioni 10. Kufikia mwaka 2008 watafiti wa Ubelgiji, Israeli na Ujerumani walikuwa wameivunja kwa njia zaidi ya moja.

Chipu ya ufunguo ya Texas Instruments yenye siri ya biti 40 ilivunjwa mwaka 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA. Biti 40 ni funguo trilioni moja na ushei, idadi inayomtisha binadamu na kuichekesha kompyuta. Miaka 13 baadaye watafiti wa KU Leuven nchini Ubelgiji walifungua ufunguo wa Tesla Model S, gari lililosifiwa kuwa limetoka katika karne ijayo, wakakuta ndani yake hesabu ileile ya biti 40. Mara walipokuwa na majibu machache ya ufunguo, kuitafuta siri yake kuliwachukua chini ya sekunde mbili.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Uingereza, kwa ombi la Volkswagen, iliwazuia watafiti kuchapisha udhaifu wa Megamos Crypto, chipu ya ufunguo inayohusika na kile kizuizi cha injini. Utafiti ulitoka mwaka 2015. Katikati ya hapo magari husika yaliendelea kuegeshwa nje kama kawaida. Mwaka 2016 mmoja wa watafiti hao na wenzake wengine walibainisha kuwa rimoti za kundi la Volkswagen zilitegemea siri kuu chache zilizorudiwarudiwa, hivyo kuhusisha takriban magari milioni 100 yaliyouzwa tangu 1995. Mkufunzi wa mantiki angeuliza kama siri inayokaa ndani ya magari milioni kadhaa bado ni siri au imeshakuwa tangazo.

Pamoja na utukufu wake, ngeli hii ina watafiti wengi kuliko wezi. Mwizi wa kawaida hana haja ya kuvunja hesabu. Sababu itaonekana katika ngeli ya sita.

Ngeli ya nne: U-ZI (ufunguo, funguo)

Hapa umoja unazaa wingi. Chini ya dashibodi kuna soketi ya uchunguzi, iliyolazimishwa na sheria kwa magari ya Marekani tangu mwaka 1996 na baadaye kwa ya Ulaya, ili fundi yeyote aweze kulihoji gari linapougua. Kupitia soketi hiyohiyo gari hufundishwa ufunguo mpya. Mwizi anayefika hapo, kwa kuvunja kioo au kwa kelele za ngeli ya pili, huchomeka kifaa, husubiri dakika chache, na kuondoka akiwa na ufunguo ambao gari linautambua kwa moyo mweupe.

Msomaji wa Afrika Mashariki asikimbilie kulaani kifaa hicho. Gari lililotumika kutoka Japani mara nyingi huja na ufunguo mmoja tu, na fundi wa funguo anayetengeneza wa pili hufanya kitendo hichohicho, kwa soketi hiyohiyo, mchana kweupe. Gari halina namna ya kuwatofautisha wawili hao. Tofauti kati ya huduma na uhalifu, kwa upande wa gari, haipo. Kwa upande wa binadamu, ni risiti.

Ngeli ya tano: KI-VI (kifaa, vifaa)

Ngeli hii hupenda kudunisha, na kweli vyombo vyake ni vidogo. Mwaka 2022 ncha ya waya wa USB, kifaa cha kuchajia simu, kilitosha kuzungusha swichi ya magari mengi ya Kia na Hyundai nchini Marekani baada ya kava la usukani kung'olewa. Magari hayo yaliuzwa bila kile kizuizi cha injini tulichokitaja, maana sheria ya huko haikukilazimisha. Vijana walirekodi video, wizi ukageuka mashindano, na mwaka 2023 kampuni hizo zikatangaza programu ya kurekebisha magari takriban milioni 8.3. Jambo la kuandikwa kwa wino mwekundu ni kwamba walioathirika ni wenye funguo za kuchomeka. Wenye kitufe walilala usingizi. Nadharia kwamba chuma ni salama kuliko wimbi haina budi kuheshimu ushahidi huu.

Kifaa cha pili kina umbo la spika ndogo ya Bluetooth. Mtafiti mmoja wa usalama wa magari jijini London alikuta mara mbili bampa na taa ya Toyota RAV4 yake zimechokonolewa, akadhani ni uhuni wa mtaani. Muda si mrefu gari likatoweka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa nyaya za taa ya mbele zimeunganishwa na mtandao wa ndani wa gari, na kwamba spika bandia ikichomekwa hapo hutangaza kwa niaba ya ufunguo: ufunguo halali umeonekana, fungueni. Sehemu nyingine za gari huamini, kwa kuwa ndani ya familia hakuna anayemwomba mwenzake kitambulisho.

Ngeli ya sita: PA-KU-MU (mahali)

Tumefika kwenye kiini. Kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kupoteza alama kwa viambishi hivi vitatu: pa kwa mahali mahususi, ku kwa mahali pa jumla au pa mbali, mu kwa ndani. Gari lenye ufunguo wa mfukoni limejengwa juu ya sarufi hiyohiyo. Lina antena za nje, karibu na vitasa, za kujua kama ufunguo upo. Na antena za ndani, za kujua kama ufunguo umo. Ukiwapo, mlango unafunguka. Ukiwamo, injini inawaka. Halina antena hata moja ya kugundua kwamba ufunguo uko.

Sasa tazama kazi inavyofanyika. Ni saa tisa usiku. Ufunguo uko juu ya friji. Wezi ni wawili: mmoja kando ya gari na mkoba begani, mwenzake kando ya ukuta wa nyumba na antena mkononi. Wa kwanza anagusa kitasa, gari linapiga hodi yake dhaifu. Mkoba unaichukua hodi hiyo, unaituma kwa antena, na antena inaitamka upya ukutani kwa sauti ya kufika jikoni. Ufunguo unasikia, unakokotoa, unaitika kwa uaminifu wote. Jibu linarudi hadi kwenye gari, mlango unafunguka. Ndani ya gari mchezo unarudiwa, injini inawaka.

Tuzingatie kilichotokea. Hakuna msimbo uliovunjwa. Hesabu ni sahihi, biti zote zimetimia, na mwanahisabati wa ngeli ya tatu angetoa alama mia kwa mia. Hata siri iwe ya biti elfu, matokeo ni yaleyale, kwa sababu aliyejibu ndiye hasa aliyetakiwa kujibu. Watafiti wa ETH Zurich, Francillon, Danev na Čapkun, walichapisha jaribio hilo mwaka 2011 kwa modeli 10 za watengenezaji 8. Zote zilikubali. Mwaka 2017 polisi wa West Midlands nchini Uingereza walitoa video ya wezi wawili wakiondoka na Mercedes kwa njia hiyo ndani ya takriban dakika moja. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kimejaribu mamia ya modeli tangu mwaka 2016, na nyingi mno zimefunguka. Kutoka makala ya chuo hadi ukuta wa jirani ilichukua miaka michache, kasi ambayo tafiti nyingi za vyuo vikuu hazijawahi kuifikia.

Swali la kawaida ni kwa nini injini haizimiki gari linapouacha ufunguo nyuma. Jibu lina busara yake: gari linalozima katikati ya barabara kuu kwa sababu betri ya ufunguo imekwisha lingeua watu. Kwa hiyo gari hulia kidogo, huonyesha onyo kwenye dashibodi, na kuendelea na safari. Mwizi anachotakiwa ni kutoizima injini hadi afike.

Wahenga, bila maabara wala ruzuku, walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Walichokosa ni kutaja masafa.

Ngeli ya saba: LI-YA (gari, magari)

Ngeli ya ukubwa. Gari lililoibwa ni mzigo hadi lipate mnunuzi, na mnunuzi yuko ng'ambo. Jiografia hapa hufuata upande wa usukani. Uingereza huendesha kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, hivyo gari lililotoweka London halihitaji kubadilishwa chochote ili listahili barabara za Kampala. Mwaka 2015 Lexus iliyoibwa London ilifuatiliwa kwa kifaa chake cha kufuatilia kupitia Ufaransa, Oman na Mombasa hadi Uganda, ambako yalikutwa pia magari mengine ya kifahari yenye asili hiyohiyo. Kanada nayo ilitangaza mwaka 2024 kuwa magari 598 yaliyoibwa yalinaswa katika bandari ya Montreal ndani ya miezi michache, yakisubiri meli.

Vifaa navyo vina kiwanda. Oktoba 2022 Europol ilitangaza kukamatwa kwa watu 31 katika operesheni iliyohusisha Ufaransa, Hispania na Latvia. Kati yao walikuwamo waliotengeneza programu ya kuiba magari bila ufunguo na kuiuza kama zana ya uchunguzi wa magari. Kwa hiyo kijana aliyesimama ukutani na antena si mvumbuzi. Ni mteja.

Ngeli ya nane: KU (kuiba)

Kitenzi-jina kisicho na mtenda. Gari limeibwa, mwizi haonekani, na mwenye gari anaijua tarehe ya mwisho ya bima yake vizuri kuliko siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Ngeli hii inahitaji utafiti zaidi, ikiwezekana na watu wenye pingu.

Uchambuzi wa kinga

Kinga nazo zina aina nne. Kinga za kuziba ni kifuko chenye kitambaa cha metali au kopo la bati. Zinafuata kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1836, kwamba ngome ya kipitishi huzuia umeme usiingie. Jaribio lake ni rahisi: tia ufunguo ndani, sogea kwenye gari, gusa kitasa. Likifunguka, umenunua pochi. Kinga za kulala ni funguo zinazosinzia zikikaa dakika kadhaa bila kutikiswa. Zinafaa juu ya friji, hazifai mfukoni mwa mtu anayezunguka sokoni.

Kinga za kizamani ni kufuli la usukani, kufuli la gia, swichi ya kificho inayokata umeme wa pampu ya mafuta, na mlinzi mwenye tochi. Wasomi huzidharau. Lakini mlinzi akipigiwa hodi usiku haridhiki na sauti; humulika uso kwanza. Yaani hupima umbali.

Aina ya nne, kinga za kupima, ndizo zilizochukua miongo miwili kumfikia mlinzi huyo. Magari kadhaa mapya yana redio ya bendi pana sana inayopima muda wa hodi na jibu lake. Wimbi husafiri sentimita 30 hivi kwa nanosekunde moja. Jibu linalochelewa limetoka mbali, hata likiwa na sauti kubwa kiasi gani. Mwizi anaweza kukuza sauti, hawezi kufupisha njia. Hii ndiyo tiba ya kwanza inayogusa ugonjwa wenyewe. Zilizotangulia zilirefusha siri na kuacha swali la umbali bila jibu.

Kwa wasio na redio hiyo, hesabu ya matendo inasikitisha. Ufunguo wa chuma ulidai matendo matatu: kutoa, kuchomeka, kuzungusha. Ufunguo wa mfukoni uliyaondoa yote na kuacha kubonyeza tu. Mwenye gari mwangalifu wa leo hutoa kifuko mfukoni, hutoa ufunguo kwenye kifuko, hufungua mlango, hufungua kufuli la usukani, huwasha swichi ya kificho, ndipo akabonyeza. Matendo sita. Tumeendelea.

Zoezi

1. Sahihisha makosa ya mahali katika sentensi hii, kisha utaje aliyenufaika nayo: “Gari lipo nje, ufunguo umo garini, mwizi hayuko.” (Alama 5)

2. Fundi wa funguo na mwizi wanatumia kifaa kimoja, soketi moja na dakika zilezile. Unda swali ambalo gari lingewauliza ili kuwatofautisha. Usitumie neno “risiti”. (Alama 10)

3. Mtu amelipia gari lisilohitaji kuchomeka ufunguo, kisha polisi na kampuni ya bima wakamshauri auweke ufunguo huo katika kopo la biskuti. Eleza ni nani kati ya mtengenezaji, mteja na kopo aliyefanya kazi ya usalama, na uonyeshe ni nani aliyelipwa. (Alama 20)